Jozi Arobaini

Kila asubuhi, kabla kengele ya pili haijalia, mimi huchukua daftari la mahudhurio ofisini, kisha huenda darasani na kuanza kuhesabu vichwa. Hiyo ni kazi ya kiranja, na kiranja ni mimi. Wenzangu wananiita Karani. Walinipa jina hilo kwa kunicheka, lakini nililipenda, maana karani ni mtu anayeaminiwa. Mwalimu wetu wa Historia harudii kuhesabu baada yangu. Nikisema thelathini na nane, anaandika thelathini na nane, somo linaanza.

Sasa nisiwafiche: kuhesabu watu walewale kila siku kunachosha. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikigusa kila dawati kwa kidole. Mwezi wa tatu nikawa natazama mistari tu. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nasimama mlangoni, natafuta viti vilivyo wazi, natoa kwenye arobaini, basi. Sikuwahi kukosea hata siku moja, na hilo ndilo lililonivimbisha kichwa.

Siku ya ziara ya kasri hakukosekana mtu. Hata yule mwenzetu ambaye homa humshika kila siku ya mtihani, siku hiyo alikuwa mzima wa afya. Tuliondoka shuleni saa tatu asubuhi kwa basi la kukodi, na dereva alituambia mapema kwamba anapenda watoto wanaolala. Hakupata hata mmoja. Saa nne na nusu tukateremka mbele ya geti la chuma lililochongwa maua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tukanyamaza bila kuambiwa.

Nikisema kasri, msidhani nasema nyumba kubwa ya tajiri. Mwenzangu mmoja alianza kuhesabu madirisha ya upande wa mbele, akafika sitini, akaacha. Ngazi za kuingilia zilikuwa za mawe meupe, pana kiasi kwamba darasa zima lingeweza kusimama kwenye ngazi moja na kupigwa picha. Hakuna mfalme aliyelala humo kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini vitasa vya milango viling'aa kama vimesuguliwa asubuhi ile.

Mlangoni alitupokea mtunza kasri, mama wa makamo, mwembamba, mwenye shada la funguo kiunoni na sauti ya chini iliyotufanya tusogee ili tumsikie.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Humu ndani hatukimbii, hatugusi, na hatukanyagi sakafu kwa viatu vya nje."

Akatuonyesha sanduku la mbao lililojaa vifuniko vya viatu. Vilishonwa kwa kitambaa kizito, vinavaliwa juu ya viatu vyako na kufungwa kwa kamba, ili sakafu isikwaruzwe. Vyote vilikuwa vya saizi moja, saizi ya mtu mzima.

"Tutatembea kama mabata," alisema Maswali, akafunga kamba zake mara tatu na bado vikamlegea.

Maswali ndiye mdogo kuliko wote darasani kwetu. Ana pumu, kwa hiyo hakimbii sana, lakini mdomo wake haujawahi kuchoka. Anauliza mpaka walimu wanaanza kutazama saa. Hata tukimcheka, haachi.

"Mwalimu wenu atavaa jozi ya ofisini. Kwenye sanduku kuna jozi arobaini, na ninyi mko arobaini," mtunza kasri alisema. "Mmebahatika. Na mnisikilize vizuri. Leo ninyi ndio wageni wa mwisho. Saa tisa tunafunga, tunapuliza dawa ya kuua wadudu wanaotafuna mbao. Ni dawa kali, si ya mchezo. Milango na madirisha yanazibwa kwa karatasi za gundi, na hakuna mtu anayeingia kwa siku mbili. Kwa hiyo ikifika saa tisa kasoro robo, kila mtu awe nje."

Uani tuliwaona wanaume wawili wakishusha mitungi na mipira kutoka kwenye gari. Mwalimu aliitazama ile mitungi, kisha akaniita.

"Karani, wewe utakaa nyuma. Kila tukivuka mlango, hesabu vichwa. Umenielewa? Vichwa."

"Nimekuelewa, Mwalimu," nikajibu.

Milango mitano ya kwanza nilihesabu kwa uaminifu. Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa chakula, na macho yangu yakanisaliti. Dari lote lilipakwa dhahabu. Meza ilikuwa ndefu, yenye viti sitini, na juu yake zilining'inia taa tatu za vioo, kila moja nzito kuliko ng'ombe. Nilijikuta nahesabu vipande vya vioo badala ya wenzangu. Mlango wa sita nikaupita bila kuhesabu mtu. Wa saba pia. Hakuna aliyepotea, basi nikajiambia kwamba hakuna wa kupotea.

Juu ghorofani tulioneshwa chumba cha kuvalia cha malkia. Kuta zake zilifunikwa hariri ya kijani kutoka sakafuni hadi darini, na katikati palikuwa na beseni la kuogea la shaba ambalo watu watatu wangeenea. Maswali alinyosha mkono.

"Samahani, mama. Zamani hizo mabomba hayakuwapo. Maji yalifikaje huku juu?"

Mtunza kasri alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisogea ukutani, akabonyeza mahali ambapo hatukuona kitu, na kipande cha ukuta kikafunguka. Kilikuwa mlango mdogo uliovikwa hariri ileile. Nyuma yake palikuwa na ngazi za mawe, nyembamba, zinazoshuka gizani.

"Watumishi walipanda hapa na ndoo," alisema. "Walisimama humu gizani mpaka malkia awafungulie. Mlango huu unafunguka upande wa chumbani tu. Hakutaka mtu aingie bila ruhusa."

"Na akiwasahau?" Maswali aliuliza.

"Walikuwa wakingoja."

"Na huko chini kunatokea wapi?"

"Zamani, jikoni. Siku hizi pamejengwa ukuta. Haya, tuendelee." Akauachia mlango, nao ukajirudi wenyewe taratibu mpaka ukafanana tena na ukuta.

Tulimalizia ukumbi wa vioo, ambao kila ukuta wake ni kioo, na huko ndiko nilikoharibu. Nilijiona mara mia moja, nimevaa tai yangu ya kiranja, mbele na nyuma na pembeni. Nikasimama kujitazama. Nilipozinduka, darasa lilikuwa limeshatangulia kurudi kwa njia tuliyojia, nami nikasikia kelele zao zikishuka ngazi. Nikatoka mbio, jambo tulilokatazwa.

Nilipopita tena kwenye chumba cha malkia nikaona jozi moja ya vifuniko imeachwa sakafuni, karibu na ukuta, ncha zake zimeelekea ukutani. Kamba zake zilikuwa zimefungwa mara tatu. Nilikasirika tu. Nikasema moyoni, kuna mvivu amevua kabla ya wakati, na mimi ndiye wa kumbebea. Nikaviokota, nikashuka navyo. Sikusimama hata kidogo kusikiliza.

Chini palikuwa na vurugu. Wenzangu walikuwa wameshavua vyao na kuvitupa sandukuni, na wengi wameshatoka uani, wengine wanakimbizana, wengine wamekwenda kunywa maji. Kuwahesabu kungekuwa kuwafukuzia mmoja mmoja kama kuku. Nikatazama sanduku. Vifuniko havikimbii. Nikavua vyangu, nikavitupia humo pamoja na ile jozi niliyoiokota, nikahesabu zote. Jozi arobaini. Walioingia arobaini, zilizorudi arobaini, nini tena?

Mwalimu alikuwa amesimama na mtunza kasri, kalamu mkononi, mbele ya karatasi ya kutia saini.

"Karani, wangapi?"

"Arobaini, Mwalimu. Wote wametoka."

Mwalimu akatia saini. Mtunza kasri akaikunja ile karatasi, akavuta mlango mkubwa na kuufunga kwa funguo mbili. Wale wanaume wakaanza kubandika karatasi za gundi kwenye madirisha ya chini, wakiwa wamevaa barakoa nene zilizoficha nyuso zao.

Tulipanda basi. Dereva akawasha injini. Nilikuwa napita katikati ya viti kwenda kukaa pangu nilipoona begi limekaa peke yake. Lilikuwa begi la Maswali, na kwenye mfuko wa pembeni ilionekana pampu yake ya pumu.

"Maswali yuko wapi?" nikauliza.

"Si alikuwa nyuma na wewe?" akajibu msichana aliyekaa naye.

Nilizikumbuka zile kamba zilizofungwa mara tatu, na zile ncha zilizoelekea ukutani. Nilijua palepale. Ningependa kuwaambia kwamba sikujua, lakini nilijua.

Mwalimu alikuwa ameshafika. "Alitoka ndani? Karani, alitoka?"

Watu thelathini na wanane walikuwa wananitazama, na dereva akitazama kwenye kioo chake. Niliwaza jambo moja tu: nikisema sikuhesabu, sitakuwa tena mtu anayeaminiwa. Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka laini kama salamu.

"Alitoka, Mwalimu. Nilimhesabu mlangoni." Kisha nikaongeza chumvi, sijui kwa nini. "Nilimwona akielekea bustanini."

Basi, watu wote wakakimbilia nilikowatuma. Dereva alizima injini akaenda kumtafuta vyooni. Wenzangu wakatawanyika kwenye miti, wakiita. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye bwawa la samaki lililokuwa bustanini, maana ndiko mtu mzima huwaza kwanza mtoto anapopotea penye maji. Nilimfuata nyuma. Nilimwona akivua viatu, akaingia majini na sketi yake ya kazi, maji yakamfika kiunoni. Akawa anapapasa chini ya majani kwa mikono yote miwili, akiita jina la mtoto ambaye nilijua hayuko humo.

Nilitaka kusema. Kila dakika iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa singekuwa mtu aliyekosea tu, ningekuwa mtu aliyemwacha mwalimu aingie bwawani. Nikageuka kulitazama kasri. Madirisha ya chini yote yalikuwa yamezibwa. Mmoja wa wale wanaume alikuwa anavuta mpira mrefu kuelekea mlango wa pembeni. Kisha mashine ikaanza kunguruma.

Mwalimu alitoka majini akitetemeka, akatoa simu kwenye mkoba. Alimpigia mama yake Maswali. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, nikasikia kila kitu.

"Mama, tulia kwanza. Tunamtafuta... Hapana, ndani hayumo. Alihesabiwa akitoka." Akahamishia simu sikio la pili. "Kiranja wangu ndiye aliyehesabu... Ndiyo, mama, namwamini. Huyu hajawahi kukosea."

Hapo nikashindwa. Maneno yakatoka yenyewe, bila mpango.

"Mwalimu, sikumhesabu."

Alishusha simu.

"Nilihesabu vifuniko," nikasema. "Vilikuwa jozi arobaini, lakini moja niliiokota mimi. Ilikuwa ya Maswali. Ilikuwa kwenye chumba cha malkia, mbele ya ule mlango wa ukutani. Yumo ndani, Mwalimu."

Hakunigombeza. Alinitazama mara moja tu, na sitaki kutazamwa hivyo tena maishani. Kisha akakimbia peku kuelekea uani, nami nikamfuata, nikapitia kwenye basi na kulibeba lile begi.

Mpuliza dawa hakutusikia kwa sababu ya mashine. Mwalimu alimshika mkono kwa nguvu mpaka akageuka. Mtunza kasri alikuwa ameketi kibandani kwake akinywa chai. Aliposikia maneno mawili ya kwanza, kikombe kilimtoka mkononi.

"Zima mashine," alimwambia yule mwanaume. "Umeanzia wapi?"

"Vyumba vya chini, upande wa jikoni," alijibu, akivuta barakoa shingoni. "Robo ya mtungi hivi. Lakini dawa inapanda, mama. Lazima twende sasa hivi."

Mtunza kasri aligeuka kwangu. "Wewe ndiye uliyeviona? Vilikuwa mbele ya ule mlango, una hakika?"

"Nina hakika, mama. Ncha zilielekea ukutani."

"Mngenituma tu nikatafute, ningepita chumba hicho na nisione kitu," alisema. Nikampa pampu. Akavaa barakoa ya yule mwanaume wa pili, akachana karatasi za gundi mlangoni kwa kucha, akafungua kufuli mbili, wakaingia yeye na mpuliza dawa. Sisi tulikatazwa kukanyaga hata ngazi ya kwanza.

Tukangoja. Harufu ya dawa ilitoka mlangoni, kali, ikawasha macho. Mwalimu alisimama na maji yakimchuruzika sketini, mikono ameifumbata kifuani. Nilianza kuomba, kisha nikaona haya kuomba.

Walitoka baada ya muda ambao siwezi kuuhesabu. Mpuliza dawa alikuwa amembeba Maswali mgongoni, na usoni alikuwa amemvisha barakoa yake mwenyewe. Yeye alikuwa amefunga mdomo na pua kwa shati. Midomo ya Maswali ilikuwa imepauka, na kifua chake kilitoa mluzi kila akivuta hewa. Mtunza kasri alikuwa ameshampa pampu mara moja kule juu. Mwalimu alimketisha chini, akampa mara ya pili, akamwambia avute polepole, moja, mbili, tatu. Tukamsikiliza akipumua mpaka mluzi ukapungua.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuguzi alimweka kitandani kwa saa nzima na mrija wa hewa puani, akatuambia kwamba dawa haikuwa imemfika, ila vumbi na hofu ndivyo vilivyombana. Aliongeza kwamba angecheleweshwa kidogo tu, habari ingekuwa nyingine.

Niliingia kumwona. Alikuwa amekaa, na bila shaka alikuwa ameshamuuliza muuguzi ule mrija unafanyaje kazi.

"Nilitaka kuhesabu ngazi," aliniambia. "Nikavua vile vifuniko nisije nikateleza. Kumbe mlango unajifunga wenyewe. Nilipopanda tena nikasikia mtu anatembea chumbani. Nikagonga, lakini akaondoka."

"Nilikuwa mimi," nikasema.

"Hukusikia?"

"Sikusimama kusikiliza." Nikalia, na hakuna haja ya kuficha.

Njiani kurudi Mwalimu alikaa kando yangu. Alikuwa amefunga khanga ya dereva kiunoni, kwa maana sketi yake ilikuwa bado mbichi. Tulikuwa tumekaribia shule alipoanza kuongea.

"Mama yake yuko getini," alisema. "Mimi nina kosa langu, nilitia saini bila kuhesabu mwenyewe, na nitalisema. Lako utalisema wewe. Nitasimama karibu nawe, lakini sitakusemea."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika. Mama yake Maswali ni fundi cherehani, na alikuja vilevile alivyokuwa kazini, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Alimkumbatia mwanawe, akaweka sikio kifuani kwake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha Mwalimu akasema la kwake, nami nikasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya vioo, vifuniko, na lile nililosema ndani ya basi. Nikamwambia pia kuhusu bwawa.

"Ulikaa kimya muda gani?" aliuliza.

"Dakika kumi na mbili."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kwamba hamtaniamini tena."

Akaizungusha tepu kidoleni. Nilidhani atanizaba kofi, na kusema kweli ningeona nafuu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kuhesabu vibaya ni kosa la mtu aliyechoka. Hata mimi nimewahi kukata kitambaa cha mteja kikawa kifupi. Nikikata kifupi, namwita siku hiyohiyo namwambia, kwa sababu bado kuna wakati wa kutafuta kitambaa kingine. Nikinyamaza mpaka asubuhi ya harusi, hapo nimemharibia, na si mkasi tena uliomharibia. Ni mimi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Kosa lako la kwanza nilikusamehe kabla hujamaliza kulisema. La pili litanichukua siku kadhaa, nisikudanganye. Ulikuwa unalinda jina lako, na mwanangu alikuwa anaishiwa pumzi. Siku nyingine ukikosea, useme papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Watu hawaachi kumwamini anayekosea. Wanaacha kumwamini anayeficha."

Nikaitikia kwa kichwa. Akamshika Maswali mkono waende. Walipofika kwenye kona akageuka.

"Nyumbani kwenu wameshajua?"

"Bado, mama."

"Basi nenda sasa hivi, ukawaambie kabla hawajaambiwa na mtu mwingine."

Nikaenda mbio.